Samaki chini ya nyumba, kuvu kwenye viatu

Mama mmoja anayeishi upande wa Limuru ametuandikia barua ndefu juu ya jambo ambalo huenda likamchekesha mtu asiyewahi kuliona. Mumewe ni mpenzi wa samaki wa mapambo. Alianza na tangi moja dogo sebuleni, kama waanzavyo wengi, na sasa ana matangi manne katika chumba cha chini ya nyumba, kile ambacho mafundi wetu hukiita besimenti. Nyumba yao imejengwa kwenye mteremko. Chumba hicho kina ukuta mmoja unaotazama bondeni wenye dirisha dogo, na kuta nyingine tatu zimezikwa udongoni. Humo humo ndimo anamolala mtoto wao wa miaka saba, na ndimo yanamowekwa masanduku ya nguo na vitabu.

Tangu baridi ya Juni ianze, asema mama huyo, viatu vya ngozi vimeota kuvu, rangi inabambuka ukutani, na mtoto anakohoa kila usiku. Amemwambia mumewe achague kati ya samaki na familia. Mume naye anashikilia kwamba ni nyumba yenyewe iliyojengwa vibaya na kwamba samaki wanasingiziwa tu.

Ugomvi huu si wa nyumba moja. Nimeuona kwa macho yangu katika nyumba kadhaa za huku Nairobi, hasa mitaa yenye miteremko ambako mwenye ploti hujenga chumba chini ili asipoteze nafasi. Aghalabu mume na mke wote huwa na ukweli kidogo. Basi kabla ya mtu kuuza matangi yake au kumlaumu mjenzi, ni lazima ijulikane maji yanatoka wapi. Kujua si kazi ngumu. Kunataka selotepu, kipande cha karatasi ya nailoni na siku mbili za subira.

Anza na tangi. Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo, sawasawa na uso wa maji, kisha usiongeze maji kwa siku mbili. Tuseme tangi lina urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 45, kipimo ambacho ni cha kawaida. Kila sentimita moja ya maji inayopungua kwenye tangi kama hilo ni lita nne. Maji yakishuka nusu sentimita kwa siku mbili, tangi hilo limemwaga lita moja hewani kila siku. Hakuna aliyeyanywa na hayakuvuja. Yamekwenda chumbani.

Lita moja itaonekana ni kitu kidogo, hata mtoto hubeba kwa mkono mmoja. Lakini zingatia chumba kina nafasi gani ya kuipokea. Hewa yenye joto la nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Chumba cha mita nne kwa tatu chenye kimo cha mita mbili na nusu kina mita 30 za ujazo. Piga hesabu: hewa yote ya chumba hicho, ikishiba kabisa, hubeba karibu nusu lita tu. Sasa weka humo matangi manne yasiyo na vifuniko, kila moja likitoa lita moja kwa siku. Hayo mengine yataenda wapi kama dirisha limefungwa? Yataenda ukutani, kwenye godoro, ndani ya viatu na katikati ya kurasa za vitabu.

Jaribio la pili ni la ukuta. Chukua karatasi ya nailoni, kama ile ya kufunikia mbegu, ukate kipande cha futi mbili kwa mbili. Ufute ukuta hadi ukauke juu, kisha uibandike karatasi hiyo kwa selotepu pande zote nne pasiwe na mahali pa kupitisha hewa. Iache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, hewa ya chumba ndiyo iliyojaa maji. Ukikuta majimaji nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi maji yanatoka udongoni na samaki wameonewa. Fanya hivyo hivyo sakafuni. Ukikuta pande zote mbili zimelowa, kama ninavyoshuku itakuwa huko Limuru, mna kazi mbili na mume na mke watagawana lawama.

Kwa nini kuta zitoe jasho na meza iliyo katikati ya chumba isitoe? Sababu ni kwamba ukuta uliozikwa hufuata joto la udongo, na udongo wa nyanda za juu ni baridi mwaka mzima. Hewa ya nyuzi 20 iliyo na unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 15. Ni kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyolowa ikiwekwa mezani. Chupa haivuji, hewa inayoigusa ndiyo inayoacha maji yake. Isitoshe, kuvu haihitaji matone. Ukuta ukikaa siku kadhaa na unyevu wa asilimia 80 hapo kwenye uso wake, mbegu za kuvu, ambazo zimo hewani kila mahali, huanza kuota. Ndiyo maana utaiona kwanza nyuma ya kabati lililosukumwa hadi ukutani, mahali ambapo hewa haipiti. Vuta kabati hilo nje angalau upana wa kiganja, leo hii, kabla hata hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Dawa ya kwanza, na kwa maoni yangu inayoshinda nyingine zote, ni kifuniko. Inashangaza jinsi watu wanavyotumia maelfu ya shilingi kununua pampu na taa, halafu wanaacha uso wa maji wazi kama kisima. Nenda kwa fundi wa vioo umkatie kioo cha milimita nne kinachoenea juu ya tangi. Mwambie akate kona moja au mbili ili nyaya na mipira ya hewa ipite. Kioo hicho kikalie vipande vidogo vilivyogundishwa kwa silikoni upande wa ndani wa tangi, chini kidogo ya ukingo, kikiwa kimeinama kidogo. Hapo mvuke utagonga kioo, ugeuke matone na kurudi majini. Kikikaa juu ya ukingo, matone hutiririka nje na kuharibu meza. Usitumie mbao wala zile bodi za unga wa mbao za kutengenezea makabati. Huvimba kwa mwezi mmoja.

Wako watakaouliza, je, samaki hawatakosa hewa? Hawatakosa. Pengo dogo kwenye kona linatosha mradi maji yanayotoka kwenye chujio yanatikisa uso wa tangi. Kama una shaka juu ya faida yake, jaribu kwa kutandaza karatasi ya nailoni juu ya tangi kwa siku mbili, ukiacha upenyo kidogo, halafu ulinganishe na alama yako ya selotepu. Utaona mwenyewe.

Kifuniko kina faida nyingine ambayo itamfurahisha anayelipa bili ya stima. Maji hayageuki mvuke bure. Kila lita moja inayopanda hewani hubeba joto la karibu uniti 0.7 za umeme, na sehemu kubwa ya joto hilo hutolewa na maji yenyewe, kisha hita hulazimika kulirudisha. Lita nne kwa siku ni karibu uniti tatu. Kwa mwezi hizo ni zaidi ya uniti 80. Mwenye matangi wazi ananunua tokeni ili alowanishe ukuta wake, kisha ananunua rangi.

Tukiwa bado kwenye hita, hebu tuulize: samaki gani hao? Samaki wa dhahabu, wale wekundu wanaopendwa sana na watoto, hawahitaji hita. Wanastarehe katika maji ya nyuzi 18 hadi 22, na nyumba nyingi za Nairobi huwapa joto hilo bila gharama. Samaki wa nchi za joto, kama vile gapi na tetra, ndio wanaotaka nyuzi 24 hadi 26. Hata hivyo nimekuta hita zilizowekwa nyuzi 28 na zaidi, eti ni wakati wa baridi na samaki wahurumiwe. Kadiri maji yanavyozidi hewa ya chumba kwa joto, ndivyo mvuke unavyopanda kwa kasi. Kwa mtu wa Limuru anayetaka kufuga samaki kwenye chumba cha chini na kulala usingizi, samaki wa dhahabu ni rafiki mwema kuliko tetra.

Pampu ya hewa nayo ina mchango wake. Viputo vinapopasuka juu ya maji hurusha chembe ndogo ndogo, na chembe hizo huacha ule unga mweupe unaouona pembezoni mwa kioo na kwenye soketi. Si lazima maji yachemke kama chungu cha githeri. Punguza hewa kwa kile kibomba kidogo cha kurekebishia hadi viputo viwe vya wastani. Kisha tazama kona ya chumba. Wafugaji wengi huweka pipa la maji ya bomba yatulie siku moja ili klorini itoke kabla ya kuyatia tangini. Siku hiyo moja ni sawa. Pipa kukaa wazi juma zima si sawa, kwani hilo ni tangi la tano. Lifunike. Taulo na ndoo zilizolowa zitolewe nje siku hiyo hiyo ya kubadilisha maji.

Na wala tusiwalimbikizie samaki kila kitu. Nguo zilizofuliwa kwa mkono na kuanikwa ndani kwa sababu ya mvua huweza kutoa lita mbili au zaidi kwa mara moja, kutegemea wingi wake na jinsi zilivyokamuliwa. Mtu mmoja aliyelala usiku kucha hutoa karibu theluthi ya lita kwa pumzi na jasho. Mama aliyetuandikia hakutaja nguo, lakini ningependa kujua wakati wa Julai zinaanikwa wapi.

Sasa tufike kwenye dirisha, kwani hapa ndipo kuna mabishano. Nyumba zetu nyingi zina yale matundu ya hewa juu ya madirisha. Baridi ikija, watu huyaziba kwa magazeti (nadhani hata ukurasa huu umewahi kutumika hivyo). Wanasema nje kuna mvua na ukungu, mtu atafungulia unyevu uingie? Wanasahau kwamba hewa baridi, hata ikiwa imeshiba maji, ina maji machache. Hewa ya nyuzi 10 iliyojaa kabisa ina gramu tisa na kitu kwa mita ya ujazo. Ikiingia chumbani na kupata joto la nyuzi 20, hiyo hiyo inakuwa na unyevu wa asilimia 54 tu, yaani ni kavu na iko tayari kunywa maji ya chumba na kuondoka nayo. Kwa hivyo asubuhi yenye ukungu huko Limuru, ikiwa ndani kuna joto kuliko nje, fungua. Toa magazeti kwenye matundu. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni, dirisha na mlango vikiwa wazi pamoja ili hewa ipite moja kwa moja, zinasaidia kuliko dirisha lililofunguliwa upenyo wa kidole mchana kutwa.

Mambo hugeuka wakati nje kuna joto kuliko chini. Mchana wa nyuzi 25 wenye unyevu wa asilimia 60, siku ambayo sote tungeiita nzuri, hewa yake huanza kudondosha maji inapogusa ukuta wa nyuzi 16. Siku hizo za kati ya mvua za Machi na Mei, fungua mapema asubuhi na ufunge jua likipanda.

Hii ndiyo sababu mashauri ya jamaa zetu walio ng'ambo hayatufai wakati wote. Huko Minnesota, ambako Wakenya wengi wamehamia, karibu kila nyumba ina besimenti, na ndugu atakupigia simu akuambie funga dirisha, nunua mashine ya kukausha hewa. Yeye ana haki kwa mahali alipo. Majira yao ya joto yana hewa moto iliyojaa maji na chumba chao cha chini ni baridi, kwa hivyo kufungua dirisha ni kukaribisha mafuriko. Msimu wao wa baridi nao hukausha hewa ya ndani hadi midomo ikapasuka. Sisi shida yetu kubwa ni Juni hadi Agosti, na wakati huo hewa ya nje ni ya msaada.

Ikiwa chumba kina dirisha moja tu kama hicho cha Limuru, hewa haina mahali pa kutokea. Feni ndogo ya kutoa hewa, ile ya inchi sita inayowekwa kwenye vyoo na majikoni, ipachikwe juu ukutani karibu na matangi. Hutumia umeme kidogo. Lakini feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia, hivyo acha nafasi ya vidole viwili chini ya mlango au toboa tundu upande wa pili. Fundi asipofanya hivyo, feni italia tu bila kazi.

Mashine ya kukausha hewa, ile yenye ndoo ndani yake, siikatai. Hufanya kazi kama friji: hewa hupita kwenye vyuma baridi, maji yanadondoka ndani ya ndoo. Wanaoifikiria wajue mambo matatu. Nyingi za aina hii huzembea chumba kikiwa chini ya nyuzi 15, kwa sababu vyuma vyake hushika barafu. Madirisha lazima yafungwe inapofanya kazi, la sivyo utakuwa unaikausha Limuru nzima. Na maji ya ndoo hiyo usiyarudishe tangini, kwani yamepita kwenye shaba, nayo shaba ni sumu kwa viumbe wa majini. Ningeinunua baada ya vifuniko, feni na mitaro, si kabla.

Dawa za kienyeji ni nyingi. Kuna wanaoweka makaa kwenye sufuria kando ya kitanda. Makaa hunyonya harufu kidogo, maji si haba ila si ya kutegemea. Wengine huweka bakuli la chumvi. Chumvi haivuti maji hewani mpaka unyevu upite asilimia 75, jambo ambalo kila mpishi wa Mombasa analijua, ndiyo maana hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Chumvi yako ikianza kulowa mezani, umeshachelewa. Vile vikopo vya dukani vyenye chembe nyeupe zinazogeuka maji vinafaa ndani ya kabati la nguo, si chumba chenye lita nne kwa siku.

Kuna jambo moja ambalo nalikemea bila kuomba radhi. Usikaushe chumba kwa jiko la makaa. Chumba cha chini kilichofungwa, jiko likiwaka na mtoto amelala, ni kaburi. Ile gesi ya makaa haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasoma habari za jamaa waliopatikana asubuhi hawaamki. Stovu ya mafuta taa nayo, mbali na hatari zake, haikaushi kitu: lita moja ya mafuta taa ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji hewani. Gesi ya kupikia ni mbaya zaidi. Kilo moja hutoa kilo moja na nusu ya maji. Utahisi joto na utadhani chumba kimekauka, kumbe umeongeza.

Nunua badala yake kipimo kidogo cha unyevu, kile cha kuonyesha asilimia. Vinauzwa pamoja na thamometa na si ghali. Vingi vya bei nafuu hukosea, lakini kuna njia ya kukipima. Tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uviache saa nane. Kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza tano, na uziongeze kila unapokisoma. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani linashauri unyevu ndani ya nyumba uwe chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Kwa hali yetu ya hewa ningeridhika na chini ya 60.

Kuhusu ukuta uliolowa kutoka udongoni, usikubali fundi aupake rangi ya mafuta juu ya majimaji. Atachukua pesa zake na baada ya miezi michache rangi itavimba malengelenge. Toka nje, zunguka nyumba wakati mvua inanyesha. Je, mifereji ya paa inamwaga maji pale pale juu ya ukuta? Tangi la maji la juu linafurika usiku na kushukia upande huo? Kuna bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani na inanyweshwa kila jioni? Mambo hayo matatu yanarekebishwa kwa pesa kidogo. Yakishindikana, chimbueni mtaro kando ya ukuta, uwe na mteremko kuelekea bondeni, mweke bomba lenye matundu na kujaza kokoto. Nyumba iliyo kwenye mteremko ina bahati hapo, kwani maji yana pa kwenda.

Umeme katika chumba cha aina hii unataka heshima. Ekstensheni isilazwe sakafuni. Ipigwe misumari ukutani juu ya usawa wa maji. Kila waya ushuke chini kwanza kisha upande kwenye soketi, ili tone linalotambaa juu yake lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Mwombe fundi wa stima aweke kile kifaa kinachokata umeme unapovuja. Zima kila kitu kabla ya kutia mkono majini. Halafu kuna hili la kupotea kwa stima, ambalo sote tumelizoea. Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji ikizimika, maji huweza kurudi kupitia mpira na kumwagika usiku kucha. Iweke juu ya rafu, au mpira uvishwe ile vali ndogo inayoruhusu hewa kwenda na kuzuia maji kurudi.

Mtoto atolewe humo. Hili halisubiri selotepu wala kioo. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na likaeleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye hali hiyo hukumbwa zaidi na kikohozi, kukorota kwa kifua na pumu. Alale sebuleni hata kama ni kwenye godoro, na apelekwe kwa daktari. Kikohozi cha kila usiku hakitibiwi kwa gazeti, na huenda kina sababu nyingine kabisa.

Kuvu iliyokwisha ota, ikiwa ni eneo lisilozidi mita moja ya mraba, isuguliwe kwa sabuni na maji, msuguaji akiwa amefunika pua na mdomo na kuvaa glavu, kisha ukuta ukaushwe. Kubwa kuliko hapo, tafuta mtu wa kazi hiyo. Mkitumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, isichanganywe na kitu kingine chochote cha kusafishia, hasa chenye amonia au asidi, kwani hutoa gesi ya sumu. Funikeni matangi kabisa na mzime pampu za hewa kwa muda huo, maana pampu huvuta hewa ya chumba na kuipeleka majini. Dawa ya mbu ya kupuliza ni vivyo hivyo. Nyingi ya hizo huua samaki upesi. Magodoro na vitabu vilivyokwisha nuka uvundo ni heri vianikwe juani siku mfululizo, na visivyopona vitupwe.

Mkishafunika matangi maji yatapungua polepole, na mwenye samaki huenda akafikiri hana haja tena ya kubadilisha maji. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi na uchafu hubaki. Aendelee kutoa sehemu na kutia mapya, hasa kama anatumia maji ya kisima cha kuchimbwa, ambayo sehemu nyingi za Nairobi na viunga vyake yana madini mengi. Rangi ya ukuta nayo msiinunue sasa. Subirini hadi kipimo kisome chini ya 60 asubuhi na jioni kwa majuma matatu, na karatasi ya nailoni ibanduliwe ikiwa kavu pande zote mbili.